Hodi ya Sesilia

Waraka namba nne wa mwaka sabini na saba una jina la Ndugu Revelian chini yake. Najua, maana niliupiga chapa mie kwa vidole hivi hivi, nakala ishirini na mbili kwa karatasi za kaboni, mpaka kucha zikawa nyeusi. Kwa hiyo mtu asije kunieleza habari ya nani aliyewafundisha watu wa shirika letu kupiga hodi kwenye simu ya upepo. Ni Sesilia. Na Sesilia hakutaka waraka wala jina. Alitaka kumsikia mama yake, basi.

Ngoja nianze vizuri, maana nikikasirika huwa nasimulia kinyumenyume.

Shirika letu lilikuwa la maghala ya mazao. Ofisi ilikuwa Kipawa, karibu kabisa na uwanja wa ndege, ndege ikipita juu ya bati unasimamisha maneno mpaka iende zake. Mie nilikuwa karani mpiga chapa, Mzaramo wa Temeke, jina langu Mwanabaraka, na mdomo wangu wote ofisini waliujua. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, ndimo ilimokuwa simu ya upepo, na aliyeikalia ni Sesilia, Mmwera kutoka huko nyuma ya Ndanda, mwembamba, mpole, sauti yake ndogo lakini imenyooka. Sie tulikuwa chanda na pete. Yeye Mkristo wa kwenda misa Pugu kila Jumapili, mie nafunga Ramadhani yangu, na chakula cha mchana tunakula sahani moja.

Simu yenyewe ilikuwa redio kubwa ya chuma yenye maiki ya kushika mkononi. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Huwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Na vituo vyetu vyote, kumi na tisa nchi nzima, vilikuwa vinatumia njia hiyo moja. Sasa wewe fikiria, saa mbili asubuhi ikigonga, kumi na tisa wote wanaropoka. Tabora anataka magunia, Songea anataka lori, Kilosa anasema panya wamemaliza mahindi. Anayesikika ni mwenye mashine kubwa. Mwenye mashine ndogo anakoroma huko nyuma mpaka adhuhuri, betri yake inakufa, anafunga na kulala na shida yake.

Mwenye mashine kubwa kuliko wote alikuwa Tabora. Mwendeshaji wake alikuwa anaitwa Mihayo. Sauti yake ilikuwa inaingia mpaka vikombe vinacheza mezani, na hana habari na mtu. Mwenye mashine ndogo kuliko wote alikuwa Mkonjela, ghala moja huko kusini porini, redio ya zamani inayokula betri ya lori. Na Mkonjela ndiko alikokuwa mama yake Sesilia.

Au tuseme, ndiko alikosikia kwamba yuko. Mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa kwao walihamishwa wakapelekwa vijiji vipya. Baba yake alifariki mwaka huo huo. Habari ilimfikia Sesilia arobaini imeshapita. Alikuwa anapanga kadi za maombi ya magunia ya mwezi, mtu wa kwao akapita kumsalimia, akampa pole akidhani anajua. Mie nilikuwepo. Sitaki kukumbuka uso wake siku ile.

Mwaka uliofuata alichukua likizo, akaenda. Siku nne njiani. Alifika kwao akakuta mikorosho imesimama, korosho zimedondoka hakuna wa kuziokota, na nyumba yao imeezuliwa. Watu wa kitongoji kile walikuwa wamegawanywa vijiji vitatu, kila kimoja upande wake. Akazunguka viwili kwa miguu. Cha tatu hakukifikia, likizo ikaisha, na kazi ya serikali haikungoji. Alirudi na viatu mkononi. Baadaye dereva mmoja wa lori akamwambia kuna mwanamke mzima anaitwa Demetria kule Mkonjela, anaishi peke yake, lakini hana hakika kama ndiye. Sesilia akaandika barua tatu. Hakuna iliyojibiwa. Mama mwenyewe hajui kusoma, na posta iko mbali, nani ampelekee?

Na likizo nyingine ilikuwa baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo kila asubuhi shoga yangu alikuwa anabandika sikio kwenye ile redio, anatafuta kituo kimoja chini ya kelele za vingine kumi na vinane. Siku nyingine alikuwa anaipata Mkonjela kidogo, "Mko... Mko...", halafu Mihayo anaingia na magunia yake, basi, imepotea. Anaweka maiki chini, ananyoosha karatasi zake ambazo hazikuwa na kosa. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani anavyovuta pumzi.

Akili ya kupiga hodi aliipata dukani. Ilikuwa enzi za foleni, sukari ikija duka la ushirika habari inafika Temeke kabla ya gari. Sie wanawake tulikuwa na utaratibu wetu: ukifika unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kuteka maji, unakwenda kumwogesha mtoto, ukirudi jiwe lako liko pale pale na kila mtu analijua. Atakayelisogeza atajuta. Siku hiyo nilikuwa naye, akasimama anayaangalia yale mawe muda mrefu mpaka nikamuuliza vipi, unayahesabu? Akaniambia, "Mwanabaraka, jiwe halina nguvu wala sauti. Lakini mbona hakuna anayelipita?"

Kesho yake akaja na utaratibu wake ameuandika kwenye daftari. Kwanza, asubuhi hakuna kuropoka. Kituo kinakaa kimya mpaka kiitwe, na anayeitwa kwanza ni mwenye mashine dhaifu kuliko wote, mwenye mashine kubwa anakuwa wa mwisho, maana yeye atasikika tu hata akingoja. Kila mmoja dakika tatu. Pili, ukiitwa unapiga hodi kama mtu mwenye adabu, unataja kituo chako na unataja neno. Neno lenyewe unapewa jana yake ukimaliza zamu yako, kila kituo lake, na leo ukishalitumia limekufa, unapewa jingine. Huna neno, hukaribishwi.

Kuhusu neno alikuwa na sababu. Miezi michache nyuma mtu asiyejulikana mpaka leo alijiita Kilosa kwenye redio, akaagiza lori mbili za magunia zipelekwe njia panda fulani. Zikapelekwa. Kilosa wenyewe wanashangaa, magunia gani? Sasa kwa utaratibu wa Sesilia mwizi angetakiwa ajue neno la leo, na asiyekaa redioni kila siku angelijulia wapi?

Lakini mie nilijua sababu ya kwanza ni ile ya foleni, na yeye hakunificha. Utaratibu huo ulikuwa na ugumu mmoja: hauna maana mpaka wote waukubali. Wakikubali kumi na wanane akakataa mmoja, na huyo mmoja ndiye Tabora, Mkonjela haisikiki vile vile.

Akaanza kwa kuwaomba. Wanne wakakubali siku ya kwanza, watu wa mashine ndogo, wenye shida kama yake. Wengine wakamwambia dada, wazo zuri, tutaliangalia. Songea akasema wao wana kazi nyingi hawawezi kungoja. Mihayo akacheka tu, kicheko kikajaa chumba kizima.

Ndugu Revelian, mkuu wa idara, Mhaya msomi mwenye kalamu tatu mfukoni, akasema wazo lipitie njia zake. Sikatai, hakuwa mtu mbaya. Alilipenda hata, hasa habari ya neno, kwa sababu yale magunia yalikuwa yamemtoa jasho. Lakini kwake yeye jambo lisilo na jalada halijazaliwa. Nikapiga chapa pendekezo. Likaenda kamati ya wafanyakazi, likarudi: fafanua kipengele cha pili. Nikapiga tena. Likaenda tawi la chama, likarudi: lugha iwe ya kijamaa zaidi. Nikapiga tena. Likaenda makao makuu mjini, likakaa. Mara saba nimelipiga chapa pendekezo lile, miezi kumi na moja, na kila nikimaliza Sesilia ananiuliza kama safari hii naona litapita. Namwambia litapita. Nilikuwa namdanganya, Mungu anisamehe.

Kilichonichoma ni kwamba katikati ya miezi hiyo alianza kuzoea. Haulizi tena. Siku moja tunakula, nikamwona ameacha kijiko, anatazama dirishani. Nikamuuliza unawaza nini. Akasema, "Nakumbuka ming'oko." Hivyo ni viazi vya porini vya huko kwao, vinachimbwa kiangazi, vinachemshwa kwa chumvi. Akasema mama yake anajua kuvitafuta kuliko watu wote, anafuata kijimti kikavu ambacho mwingine hata hakioni. Kisha akasema hajui kama kuna mtu wa kumchimbia siku hizi, au kama bado ana nguvu za kuchimba, au kama kuna mtu wa kuchimba mwenyewe. Alimaanisha kama mama yu hai. Hakutaka kulitamka. Mie siku hiyo nilirudi nyumbani Temeke nikagombana na mume wangu bila kosa lake.

Basi. Mwaka sabini na saba, mwezi wa tano, Sesilia akashikwa na malaria, amelala siku tatu chumbani kwake. Ndugu Revelian akaniambia Ndugu Mwanabaraka, shika maiki, wewe umemwona anavyofanya. Nikashika.

Siku ya kwanza nikafuata daftari lake. Nikaita Mkonjela kwanza. Nikaachia kitufe. Kwa mbali sana nikasikia mtu anahangaika, "Hodi... Mko...". Na papo hapo, kishindo: Tabora hapa, Tabora hapa, magunia yangu yako wapi!

Jamani, damu ikanipanda. Sesilia alikuwa anamwomba kwa adabu mwaka mzima kwa sababu yeye Mmwera na Mihayo Mnyamwezi, hawana utani. Ukimtolea maneno makali mtu asiye mtani wako umemtukana, na Sesilia hakuwa mtu wa kutukana. Lakini mie ni Mzaramo! Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, hata tusipojuana naweza kumvua kofia msibani na asinifanye kitu. Sijui kwa nini hatukulifikiria mapema. Nikabonyeza kitufe.

Nikamwambia, "Wewe Mnyamwezi, babu zako walipofika pwani na pembe kichwani walikaa uani kwetu siku tatu wakisubiri waambiwe karibu. Leo umepewa kimaiki, ndiyo umekuwa wa kuingia nyumba za watu bila hodi? Nani kakulea? Toka nje! Na faini yako chupa ya asali, nzima, isiwe na masega."

Wallahi, nchi nzima ikacheka. Nilisikia Kilosa anacheka, Songea anacheka, mtu mwingine ambaye sikumjua anakohoa kwa kicheko. Mihayo naye akajibu, ilimpasa ajibu, akasema kumbe Mzaramo leo ameamka kabla ya saa nne, ngoma ya jana haikukesha? Lakini alinywea. Mtu akishatozwa faini na mtani wake mbele ya watu hana pa kukimbilia. Akatoka njiani, akanyamaza. Na mie nikaita Mkonjela kwa mara ya pili.

Sikumpata siku hiyo, betri ilikuwa imekwisha. Ila mlango ulikuwa umefunguka. Kesho yake Mihayo alikuwa wa kwanza kunyamaza, anangoja kuona nani atakosea ili acheke yeye. Akakosea Songea. Mtani wake mmoja wa Nachingwea akamshukia, akamtoza kuku wawili. Iringa akasahau neno lake, watani wake wakamlaza nje mpaka saa sita. Sesilia aliporudi kutoka kuumwa, amekonda, macho yamemwingia, akawasha redio asubuhi na kukuta kimya. Kimya kitupu. Vituo kumi na tisa vimekaa vinangoja viitwe. Aligeuka akaniangalia, akanishika mkono mpaka ukaniuma.

Hazikupita wiki sita, hapakuwa na kituo kisichopiga hodi. Hata mashirika mengine yaliyokuwa na simu zao za upepo yakaja kuuliza mnafanyaje, na Ndugu Revelian akawaeleza kwa kalamu mkononi. Ndipo waraka ukatoka mjini, kwa jina lake, ukiamuru watu wafanye walichokwisha kukifanya. Nikawaka. Sesilia akaniambia niache, jina la mkubwa linatia uzito. Asali ya Mihayo ilifika na lori la Tabora. Nusu nikampa Sesilia.

Asubuhi moja Mkonjela akaingia. Mwendeshaji wake aliitwa Kasimiri, kijana mwenye kigugumizi kidogo, sauti ya kwenye mtungi. Hodi, Mkonjela, na neno lake akalitaja. Sesilia akasema karibu. Kasimiri akamaliza habari za ghala ndani ya dakika moja, na dakika mbili zilizobaki Sesilia akamuuliza kama anamjua mwanamke anaitwa Demetria, wa kutoka kitongoji fulani, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Kasimiri akasema ataulizia. Siku tatu hatukula vizuri. Siku ya nne Kasimiri akaingia, akasema yupo. Yu hai. Anakaa mwisho wa kijiji, na kijiji chenyewe kiko mbali na ghala, mwendo wa nusu siku. Amesema atakuja Ijumaa kuisikia sauti ya mwanawe.

Ijumaa hiyo Sesilia alikuja na gauni lake la kanisani. Alikuwa ameandika kwenye daftari kila atakachosema, maana dakika tatu si nyingi: kumpa pole ya baba, kumweleza kuhusu zile barua, kumweleza alivyokwenda akakuta mikorosho mitupu, kwamba hakumtupa. Hilo ndilo hasa. Alitaka mama ajue kwamba hakumtupa. Nikakaa naye. Saa mbili kamili akaita Mkonjela.

Hodi. Neno. Karibu. Kasimiri akasema, "Mama huyu hapa." Ikasikika kelele ya maiki kupokelewa, halafu sauti ya mwanamke mzima.

Kimwera mie sikijui. Nililojua ni jina tu. Alisema maneno kidogo, akasema Sesilia. Akasema tena, Sesilia. Shoga yangu akabonyeza kitufe ajibu, lakini mama alikuwa bado anaongea upande wa pili, na mnakumbuka nilivyosema, ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Mama alikuwa ameshika maiki kwa nguvu kama mtu anayeshika jembe, na kitufe kiko chini ya vidole vyake. Hakuachia. Kila anachojibu Sesilia kinamwagika hewani, hakimfikii. Na mama hasikii kitu, na anaita. Sesilia. Sesilia. Sauti ikaanza kupanda. Baadaye Sesilia aliniambia alikuwa anasema: mbona hunijibu mwanangu, nimekukosea nini, nimetembea toka jana, nijibu basi hata neno moja.

Dakika tatu zikapita. Nikaangalia saa ya ukutani, nikamwangalia Sesilia. Utaratibu ni wake mwenyewe: zikipita tatu unampisha mwenzako. Dakika nne. Dakika tano. Nilikuwa nangoja kishindo, nangoja Songea aseme yeye ana kazi, nangoja Tabora. Hakuna. Vituo kumi na vinane vyote vinasikia, wengi wao hawajui Kimwera kama mie nisivyojua, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nje lori likawa linanguruma uani. Ndugu Revelian, ambaye sikujua kama amesimama mlangoni, akatoka mwenyewe akamwambia dereva azime.

Dakika ya saba hivi Kasimiri akafanikiwa kumfungua mama vidole, maana tulisikia purukushani, kisha njia ikawa nyeupe. Sesilia akabonyeza. Na yale yote aliyoyaandika, hakuna alilolisoma. Alisema, "Mama, shikamoo. Nipo. Nipo, mama." Halafu akashindwa. Akalia. Alipoachia kitufe redio ilikuwa inakoroma, betri ya Mkonjela inakufa, na mazoea ya kazi yakamshika bila kujua, akabonyeza mara ya mwisho kama anavyomalizia na kila kituo kila siku, akasema, "Neno la kesho, ming'oko." Sidhani kama alilichagua. Lilimtoka.

Mkonjela haipo tena. Hatukujua kama mama alisikia shikamoo, au alisikia kitu chochote.

Baada ya muda Tabora akaingia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho nje ya zamu yake toka siku ya faini, na mara hii sikumtoza kitu. Mihayo alisema polepole, "Dada Sesilia, sie tupo. Ukiwa tayari utatuita."

Usiku ule nilimchukua akalala kwangu Temeke. Hakulala. Aliniuliza mara ngapi sijui, unadhani amesikia? Nikamwambia amesikia. Na hapo pia sikujua.

Kesho yake saa mbili akaita Mkonjela. Kasimiri akaja, hodi, Mkonjela. Sesilia akamuuliza neno. Na Kasimiri, na kile kigugumizi chake, akasema, "Mi-ming'oko. Na dada, ming'oko yenyewe ninayo hapa. Mama hakurudi kwake jana. Amesema mwanangu ameomba ming'oko, sina la kufanya. Ameazima jembe, amechimba mpaka giza, alfajiri amegonga ghalani na kikapu. Amesema nikupe salamu, na kwamba kama ulikuwa na njaa ya ming'oko miaka yote hii ungesema."

Kwa utaratibu, mtu akitoa neno unamwambia karibu. Sesilia alikuwa ameinamisha uso kwenye meza. Nikabonyeza mie, nikasema karibu Mkonjela.

Kikapu kile kilisafiri wiki tatu. Lori la Mkonjela likakiacha Nachingwea, Nachingwea wakakipakia Lindi, kila kituo kikitaja asubuhi kimefika wapi, hata wasiohusika wakawa wanauliza ming'oko ya dada iko wapi leo. Kilipofika Kipawa tulikifungua sakafuni. Imeoza. Imeota ukungu, mingine imekuwa maji, harufu yake sitaki kusema. Tulichambua mmoja mmoja, tukapata saba mizima. Nikaichemsha kwangu kwa chumvi, akaila yote saba peke yake, taratibu, hakunikaribisha hata mmoja na sikutaka.

Asubuhi yake nilikuwa chumbani kwangu, karatasi kwenye mashine, nikamsikia kupitia ukutani anaita Mkonjela. Hodi ikaja, neno likaja, akasema karibu. Kasimiri akauliza kama mzigo umefika, mama yuko hapa nje anataka kujua.

Sesilia akasema, "Mwambie mama imefika yote. Mwambie nimeshiba."